Babu kajiona ndani ya hadithi yangu ya Mirihi, sasa hasemi nami

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Tanga. Tangu mwaka juzi naandika riwaya kuhusu makazi ya kubuni kwenye sayari ya Mirihi, nimeyaita Bonde Jekundu. Watu walipelekwa na kampuni kwa mkataba, wakazaa huko, watoto wakakulia chini ya kuba, na sasa wanadai kujitawala. Adui wao mkubwa ni karani wa hewa, mzee anayegonga muhuri kadi za mgao zenye vyumba 30 na kupeleka majina ya wakorofi kwa wakubwa. Mwishoni vijana wanamzomea hadharani na kumvua sare.

Mwezi uliopita binamu yangu alimsomea babu sura tatu bila kuniuliza. Babu alikuwa karani wa kipande kwenye shamba moja la mkonge miaka ya 1950. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba miwani yake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo nikimwamkia anaitikia "marahaba", basi. Mama anataka nifute kila kitu, anasema mambo ya Mirihi hayatuhusu. Mchapishaji anaungoja mswada mwisho wa mwezi ujao, na mhariri wake ananiambia harakati zangu zimeota kama uyoga, hazina mizizi. Naapa sikumkusudia babu. Nifanyeje?

Mjukuu wa Karani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikairudia jioni baada ya kuanua nguo, na mara zote mbili nimekwama pale pale: aliomba miwani yake, akaingia ndani. Mzee anayesomewa hahitaji miwani. Lishike hilo, nitalirudia.

Umeniletea mambo mawili ukidhani kila moja lina njia yake, babu kununa na hadithi kukosa mizizi. Mimi naona ni jambo moja. Mizizi anayoidai mhariri imekaa barazani kwenu, inaitikia "marahaba" na kunyamaza.

Unaapa hukumkusudia, nami nakuamini. Lakini hiyo kadi ya vyumba 30 umeitoa wapi? Ndicho kipande chenyewe. Manamba aliyetoka mbali kuja kukata mkonge alipewa kadi ya siku 30 za kazi. Akimaliza kazi ya siku, chumba kinajazwa. Asipoimaliza, siku imekwenda na chumba kiko wazi, na mshahara unangoja mpaka vyote 30 vitimie. Aliyeshika kalamu ya kujaza vyumba hivyo alikuwa kijana kama babu yako, mwenye shati safi, juu yake meneja Mzungu na mbele yake foleni ya watu wanaonuka utomvu wa mkonge. Umekulia katika nyumba ya mtu huyo. Umemchukua bila hodi ukampeleka Mirihi, na huko ukamvua nguo mbele ya watu.

Na babu si baba. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wake mchumba, mjukuu humwambia babu amezeeka vibaya, na hakuna anayekasirika. Utani ule ukikatika, nyumba nzima inasikia. Ndiyo maana mama yako amehamaki mpaka anataka ufute. Usifute. Mama anaogopa kumzika baba yake akiwa na kinyongo, hiyo ndiyo hofu yake, riwaya hata hajaigusa. Ukishapatana na babu, mama atatulia mwenyewe.

Sasa tuje kwenye uyoga.

Nimesoma muhtasari uliouambatisha. Sura ya nne kijana anapanda juu ya tangi la maji, anahutubia, na sura ya tano watu elfu wako nyuma yake. Mwanangu, haiwi hivyo. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, lakini kabla yake kilikuwepo chama cha TAA, na mizizi ya TAA inarudi hadi 1929. Bibi Titi Mohamed, kabla nchi haijamsikia jukwaani, alikuwa mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba hapa Dar es Salaam. Wanawake wa vikundi vile walikuwa tayari wanajuana, wana viongozi wao, wanajua nani wa kumtuma kwa nani. Siasa ilipokuja iliwakuta wamekwisha kupangika.

Bibi aliyenilea alikuwa akiuza vitumbua, na kwenye pindo la kanga yake kulikuwa na mafundo mawili. Moja la mtaji. Lingine la chama cha kuzikana, na hilo hata tukilala njaa halikufunguliwa. Naona bado kidole chake kikilikaza kila akisimama. Bonde Jekundu lina fundo hilo? Watu wako wanakufa, sivyo? Wanazikwa wapi, na nani anaruhusu mwili utoke nje ya kuba, na gharama anakatwa nani? Andika msiba wa kwanza. Andika watu kumi na wanne wakichanga saa zao za mgao wa hewa ili mwenzao apate shimo lake katika udongo ule mwekundu, kampuni isimwandike kama mzigo ulioharibika. Waliochanga siku ile hawatakuwa tena watu wa kampuni peke yake, hata kama hakuna aliyetamka neno uhuru.

Wameru wa kaskazini mwa Tanganyika nao. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kule Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wachache. Wakachangishana, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Kwa safari ile ardhi hawakurudishiwa. Ila kila aliyetoa senti zake alibaki akiuliza habari za safari, na kuuliza kule kulifika mbali kuliko Meru.

Halafu wape dhuluma wanayoweza kuihesabu. Neno "ukandamizaji" limejaa mswada wako na halimuumizi mtu. Siku ya Mirihi ina saa 24 na dakika kama 39. Kampuni inalipa siku ya Dunia, saa 24. Zile dakika 39 ni za nani? Katika vyumba 30 vya kadi yako zinafika saa 19 na nusu ambazo mtu amefanya kazi na hazimo popote. Sisi tunalielewa hili kuliko wengi, maana hesabu yetu ya saa inaanza na jua, na mkoloni alikuja na yake. Watu wawili waliliangalia jua moja, huyu akasema saa mbili asubuhi, yule akasema saa nane. Mwandike mtoto aliyezaliwa kule, anayeshangaa kusikia wazee wakiziita dakika zile "za ziada". Kwake siku ni siku.

Na mgomo wako haukubaliki hata kidogo. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukafuata reli mpaka bara. Shehena inaweza kungoja. Hewa haingoji. Mwaka 2021, chombo kilichobebwa na Perseverance, gari la utafiti la Wamarekani, kilitengeneza oksijeni huko Mirihi kwa mara ya kwanza, kama gramu 5, pumzi ya mtu mmoja kwa dakika 10 hivi. Unaona ilivyo ya shida? Ukiwaambia vijana wazime mitambo, wa kwanza kubanwa pumzi ni wadogo zao. Watu wa kule watakachoweza kukigomea ni hesabu. Hewa ipo kiasi gani kweli, imekatwa ya nani, kampuni imetangaza upungufu ambao haupo? Na anayeijua hesabu hiyo ni nani, mwanangu?

Karani.

Ndiyo maana nasema mambo yako mawili ni moja. Umemweka pembeni mtu ambaye harakati zote zingepaswa kupita mezani kwake. Ujumbe wa kutoka Mirihi hadi Dunia unachukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, bado kurudi. Mtoto akizidiwa usiku karani hana wa kumuuliza, anaamua peke yake na asubuhi anatafuta namna ya kuliandika. Mtu wa hivyo huishia kuwa na daftari mbili. Moja la wakubwa, na moja analijua yeye.

Hata katika historia yetu watu hawa walibanwa katikati. Serikali ilikataza watumishi wake kujiunga na chama. Nyerere alipotakiwa achague kati ya ualimu na siasa, mwaka 1955 aliacha kazi Pugu. Wengi hawakuweza kuacha. Wapo waliotoa michango gizani na mchana wakamwinamia bwana mkubwa, na wapo waliouza majina ya wenzao. Sikushauri umsafishe babu. Ikiwa aliuza majina, liandike hilo pia, kwa bei yake. Kosa lako ni kwamba umetoa hukumu kabla ya kumsikiliza shahidi aliye hai.

Vijana wako pia usiwaache wote na kauli moja. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Waliamua kuingia, na Zuberi Mtemvu akatoka akaanzisha chama chake. Watu waliokula sahani moja waliachana kwa sababu ya karatasi ya kura. Hilo litakupa sura mbili nzuri.

Jambo la sheria nitalipitia haraka. Mkataba wa anga za juu wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha sayari, lakini nchi iliyokiandikisha chombo inabaki na mamlaka juu ya chombo hicho na watu waliomo. Kwa hiyo ugomvi wa Bonde Jekundu ni juu ya paa. Ardhi si ya mtu, kuba lina mwenyewe.

Na mama akisema tena mambo ya anga hayatuhusu, mwambie hivi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya nyota ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, upande wa Malindi. Waliipa jina Uhuru. Mimi kila nikilikumbuka nasisimka.

Sasa nenda kwa babu. Usiende na binamu, usiende na mama, na usipige simu. Nenda alasiri akishaswali au akishapumzika, chukua kahawa na kashata, kaa chini kuliko yeye. Mtake radhi kwa jambo moja tu, kwamba alisikia habari zake kutoka kinywa cha mtu mwingine. Usianze kueleza kwamba mhusika si yeye, hatakuamini na utamchosha. Kisha nyamaza, hata ikiwa kahawa itapoa.

Mwandikie mchapishaji leo hii umwombe miezi mitatu. Akikataa, afadhali umkose yeye. Babu yako ana umri gani sasa, karibu tisini? Mchapishaji mwingine utampata.

Babu akianza kuongea, usimuulize alikuwa upande gani. Muulize siku ya kazi ilianzaje. Kengele iligongwa na nani, kalamu ilikuwa ya rangi gani, mtu akifika akiwa na homa alimwandikaje. Mpe karatasi akuchoree kadi ile kwa mkono wake mwenyewe, vyumba vyote 30. Na akishaimaliza, ndipo umuulize siku ile aliomba miwani aende kutafuta nini huko ndani.

Niandikie alivyokujibu.

Shangazi yako