Wikendi Gangneung kwa gari: mmeuliza, najibu

Tangu niandike kwamba Gangneung ndio mji wa pwani ya Korea Kusini ninaoupendekeza kwa mtu mwenye Jumamosi na Jumapili tu, maswali hayajakatika. Kwa aliyejiunga leo: Gangneung uko mkoa wa Gangwon, pwani ya mashariki, ng'ambo ya milima ya Taebaek ukitokea Seoul. Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 ilipopewa Pyeongchang, jirani yake, michezo ya ndani ya barafu ilichezwa hapo. Nimechukua maswali yanayojirudia.

Dada, nina leseni ya Kenya na nimeendesha Nairobi miaka mingi. Nakuja Seoul kikazi mwezi wa kumi. Naweza kukodi gari nikaondoka tu? (Dereva wa Thika Road)

Leseni yako peke yake haitoshi. Unahitaji kibali cha kimataifa cha udereva, kile kijitabu kinachotolewa nyumbani kabla hujapanda ndege, chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 au wa Vienna wa 1968. Ofisi ya kukodi itataka kibali, leseni halisi na pasipoti, vyote vitatu, na picha kwenye simu hawaikubali. Vile vibali vinavyouzwa mtandaoni na watu wasiojulikana, pesa yako ifanyie mambo mengine. Kibali kinatumika mwaka mmoja tangu uingie nchini; aliyekuja kwa masomo au kazi ya muda mrefu abadilishe leseni mapema.

Sasa usukani. Korea wanaendesha kulia. Kwa msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi hiyo si habari, lakini sisi wa kushoto tujichunge, na hatari haiko kwenye barabara kuu, ambako unafuata wenzako. Iko pale unapotoka kituo cha mafuta saa tano usiku, barabara tupu, na mikono inajipeleka yenyewe upande wa nyumbani. Ukikunja kulia kwenye taa nyekundu, simamisha gari kabisa kwanza, tazama waendao kwa miguu, ndipo uende. Mjini mwendo kwa kawaida ni kilomita 50 kwa saa, karibu na shule 30, barabara kuu 100 kwa sehemu kubwa. Kamera ni nyingi, na nyingine hupima wastani wa mwendo wako kati ya nguzo mbili zilizoachana mbali, kwa hiyo ule ujanja wa kukanyaga breki ukiiona kamera haukusaidii. Kuhusu pombe, kiwango ni asilimia 0.03 tangu 2019. Maana yake usinywe.

Sisi ni wanafunzi wanne tunaoishi Suwon. Tumechanga pesa ya gari. Tutoke saa ngapi, tupite njia gani, na ushuru wa barabara unalipwaje? (Wanne wa Suwon)

Tokeni Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Najua mtanuna. Lakini safari ya kilomita mia mbili na kitu, ambayo barabara ikiwa wazi ni saa mbili na nusu hadi tatu, ukiondoka saa tatu asubuhi Jumamosi ya kiangazi inaweza kukumeza hadi alasiri. Seoul na miji inayoizunguka ina nusu ya watu wa nchi nzima, na wikendi ya joto wote wanawaza bahari ileile. Wiki ya mwisho ya Julai na ya kwanza ya Agosti msijaribu kabisa. Vivyo hivyo sikukuu za Chuseok, ya mavuno, na Seollal, mwaka mpya wao wa kalenda ya mwezi.

Njia yenu ni barabara kuu nambari 50, inaitwa Yeongdong, na kutoka Suwon mnaiingia bila kugusa Seoul. Kwenye lango la kuingilia mtaona njia zenye mstari wa buluu zilizoandikwa Hi-pass. Hizo ni za magari yenye kifaa cha kulipia kilichobandikwa kwenye kioo. Muulizeni mwenye gari kama kifaa kipo na kina kadi. Kama hakuna, shikeni njia nyingine, chukueni tiketi kwenye mashine, mtunze hicho kikaratasi kama pasipoti, mlipe mnapotoka upande wa pili. Kwa gari dogo hesabuni kama won elfu kumi hivi kwenda. Mkiingia njia ya buluu kwa bahati mbaya, msisimame wala kurudi nyuma: piteni, ushuru mtaulipa baadaye kupitia aliyewakodisha gari.

Ramani ya Google haiwezi kuwaongoza kwa gari nchini humo kama ilivyo kwetu. Pakueni Naver Map au KakaoMap, zote zina Kiingereza, na ukiweka namba ya simu ya mgahawa badala ya jina, mara nyingi zinaupata.

Halafu vituo vya kupumzikia, hyugeso. Hivi ndivyo vinavyonifanya nipende safari ya gari Korea kuliko treni, na sioni haya kusema hivyo. Vyoo safi, bure, taa juu ya kila mlango kukuonyesha kilicho wazi. Nje kuna vibanda: viazi vidogo vilivyokaangwa kwa siagi hadi ngozi ikawa na rangi ya dhahabu, unavichoma kwa kijiti kimoja kimoja, vikeki vya duara vyenye kipande cha kokwa ya jozi (walnut) na maharage matamu ndani, vinatoka kwenye chuma vikiwa vya moto kiasi cha kukuunguza ulimi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya mlimani imeanza kuuma, hakuna chai ya rangi wala maandazi, lakini hapo hutalalamika.

Kwani lazima gari? Mimi sina leseni. (Anayeuliza kwa ufupi)

Si lazima. Treni ya kasi ya KTX ilifika Gangneung Desemba 2017, na kutoka Kituo cha Seoul ni kama saa mbili, kwa nauli isiyofika won 30,000. Mkiwa wawili, treni na teksi za mjini zinawatosha. Gari linalipa mkiwa watatu kwenda juu, au mkiwa na watoto, au mkitaka kusimama mlimani. Tangu Januari 2025 kuna na reli ya kutoka Busan moja kwa moja kupitia pwani ya mashariki, kwa walio kusini.

Assalaam alaykum mwanangu. Tunakuja kutoka Muscat, mimi, binti yangu na mume wake. Hatuli nguruwe wala hatukai penye ulevi. Huko pwani tutakula nini? (Bi Mkubwa, Muscat)

Waalaykum salaam mama yangu. Nikuambie ukweli: usitarajie migahawa yenye cheti cha halali Gangneung kama utakavyoiona Itaewon, Seoul, karibu na msikiti mkuu. Lakini mji huu unakufaa kuliko mingi, kwa sababu chakula chake cha kujivunia ni samaki na tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa.

Nendeni mtaa wa Chodang, nyuma tu ya msitu wa misonobari. Tofu ya hapo hugandishwa kwa maji ya bahari badala ya chumvi za dukani. Agizeni sundubu nyeupe, ile tofu laini. Inakuja kwenye bakuli ikitoa moshi, laini kama mtindi ulioganda vizuri, haina rangi wala pilipili, na pembeni wanakuwekea mchuzi wa soya mtie wenyewe kidogo kidogo. Utakapoonja mara ya kwanza utasema haina kitu. Subiri kijiko cha tatu. Ile nyekundu iitwayo jjigae muulizie kwanza, maana baadhi ya wapishi hutia nyama. Neno la nyama ya nguruwe ni dwaeji-gogi. Mwambie binti aliandike kwenye simu kwa herufi za Kikorea, na chini yake aandike "hatuli". Kimchi yenyewe huwa na chumvi ya kamba au mchuzi wa samaki, hiyo haina shaka kwenu.

Jioni nendeni Jumunjin, bandari ya wavuvi upande wa kaskazini. Mtachagua samaki akiwa hai kwenye beseni na mtachomewa. Ngisi, ambaye zamani ndiye aliyeilisha bandari hiyo, siku hizi ameadimika na bei yake imepanda, kwani maji yamezidi joto na makundi yamehama. Meza za soju, pombe ya Kikorea, hamtazikosa sokoni, kwa hiyo fungasheni mkale mlikofikia. Vyumba vingi vya kupanga vina jiko dogo.

Mimi ni mtoto wa Pwani, Tanga. Naweza kuogelea Aprili? Na maji hujaa saa ngapi? (Mwanamaji)

Aprili utaogelea peke yako, ukiwa wa buluu. Msimu rasmi ni Julai na Agosti, ndipo waokoaji wanapokuwepo, na hata hapo wanakuita utoke jioni ikifika. Bahari hii ni ya baridi na kina chake kinashuka ghafla hatua chache kutoka ufukweni.

Kujaa na kupwa ndiko kutakakokushangaza. Sisi tumezoea maji kukimbia hadi mwambani na akina mama kwenda kuchokoa pweza. Mashariki mwa Korea tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa ni kama sentimita 30 tu. Weka kanga yako mchangani asubuhi, utaikuta kavu jioni. Ukitaka maji yanayokimbia kweli, hiyo ni pwani ya magharibi, upande wa Incheon.

Tulipita kando ya bahari tukaona seng'enge na vibanda vya askari. Ni salama? (Wawili kutoka Kampala)

Ni salama. Mpaka wa Korea Kaskazini hauko mbali, na pwani yote hiyo ililindwa kwa seng'enge kwa miongo mingi. Sehemu kubwa imeng'olewa ili watu wafaidi bahari, sehemu imebaki.

Sababu yake si hadithi. Septemba 1996 nyambizi ya Korea Kaskazini ilikwama kwenye miamba kusini kidogo ya mji. Dereva wa teksi aliona watu wasioeleweka kando ya barabara usiku, akarudi kuangalia, akatoa taarifa polisi. Waliokuwemo walikuwa 26. Msako milimani ulidumu siku 49; mmoja alikamatwa hai, mmoja hakuonekana tena, waliobaki walikufa, 11 kati yao wakikutwa wamepigwa risasi na wenzao. Walikufa pia askari na raia wa Kusini.

Karibu na hapo kuna njia ya miguu kati ya Jeongdong na Simgok, karibu kilomita tatu chini ya majabali, mawimbi yakikurushia chumvi usoni. Ilikuwa njia ya doria ya jeshi, raia hawakuikanyaga hadi 2016. Bahari ikichafuka huifunga, na hawabishani na mtu. Mimi ningeiweka mbele ya ufukwe wowote wa mji huo.

Mume wangu ni mtu wa Iringa, bahari haimwambii kitu. Nimfanyie nini? (Mke mwema)

Mpe noti ya won 50,000 na ya 5,000 mfukoni, umpeleke Ojukheon. Mwanamke aliye kwenye noti kubwa ni Shin Saimdang, mchoraji na mshairi wa karne ya 16. Mwanamume wa noti ndogo ni mwanawe Yi I, mwanafalsafa, aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo mwaka 1536. Mama na mwana, wote kwenye pesa ya nchi moja! Nyuma ya nyumba kuna mianzi yenye shina jeusi, ndiyo iliyoipa nyumba jina.

Kisha mnywesheni kahawa ufukwe wa Anmok. Ulianza na mashine za kahawa za kutia sarafu kando ya mchanga, leo ni mstari wa mikahawa yenye madirisha yanayotazama bahari. Msishangae kukuta Kenya AA na Tanzania kwenye orodha, kwa bei ambayo mkulima wa Nyeri au Mbinga akiisikia atakaa chini. Ukweli wangu ni kwamba kahawa yenyewe hupatikana nzuri zaidi ndani ya mji kuliko Anmok, ambako unalipia dirisha.

Macheo ya Jeongdongjin yana maana gani, hadi watu waamke usiku? (Mpenda usingizi)

Ni kituo cha treni kilicho karibu kabisa na maji, na jua linatoka baharini mbele yako. Wakorea hufurika hapo usiku wa kuamkia Januari mosi. Ila angalia saa: sisi jua letu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, wao Juni linachomoza kama saa kumi na moja na dakika tano, Januari karibu saa mbili kasorobo. Mpenda usingizi, nenda Januari.

Tunaweza kuunganisha Gangneung, Sokcho, mlima Seorak na Busan wikendi moja? (Kikundi cha kanisa, Daejeon)

Hapana. Busan ni safari nyingine kabisa. Sokcho ni kama saa moja kaskazini, na hiyo inawezekana ikiwa Jumapili asubuhi mtaondoka Gangneung mapema, mkavuka ile feri ya Abai inayovutwa kwa mikono kwenye waya, mkala, mkarudi kwa barabara kuu ya Seoul–Yangyang iliyokamilika 2017. Ina handaki la karibu kilomita 11. Dereva mwenye usingizi asipewe zamu hiyo, kule ndani hakuna pa kusimama hovyo. Seorak iacheni, mlima ule unataka siku yake.

Kwa vyovyote, Jumapili ondokeni kabla ya saa sita mchana au baada ya saa mbili usiku. Katikati ya hapo ni foleni tupu hadi Seoul. Mkichagua mapema na kurudi kwa njia ya Gangneung, achaneni na mahandaki, mpande barabara ya zamani ya Daegwallyeong. Ina kona nyingi hadi mita 832, kwa hiyo anayetapika garini akae mbele.