Pipa lilinidanganya: kabla hujailaumu injini ya boti, pima kimo chake

Injini yangu ya kwanza ya boti niliinunua Mbeya mjini: mtumba, farasi 15, ya kuchanganya petroli na oili. Fundi aliifunga kwenye pipa la maji, akavuta kamba mara mbili, ikawaka. Maji ya kupoza yakatoka mstari mmoja mnyoofu, yale tunayoyaita mkojo. Nikalipa. Tukaiviringisha kwenye magunia, tukashuka nayo Uyole, Tukuyu, Ipinda mpaka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mimi nikichungulia nyuma ya pikapu kama niliyebeba bibi harusi.

Safari ya kwanza, kwenda kijiji cha Ikombe, tulijaza watu na viroba vya unga, na mashine ikaenda bila shida. Kurudi tulikuwa wawili tu. Kila nikiongeza moto, injini inapiga kelele kama pikipiki iliyokatika mnyororo, na boti imezubaa palepale. Nikipunguza, inashika tena. Mwenzangu akija kukaa nyuma karibu yangu, afadhali. Akirudi mbele, kelele.

Nilitupa hela hapo. Nilinunua plagi mpya, nikasafishisha kabureta. Nikampigia fundi, akaniambia tatizo ni hewa ya ziwani, nzito kuliko ya Mbeya. Hilo lina ukweli wake: mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi na Ziwa Nyasa kwenye mita 475 hivi, kwa hiyo kabureta lililotegwa juu linaweza kubadilika kidogo huku chini. Lakini hewa haijui kama boti ina mzigo au haina. Nikanunua hata propela. Kelele zilezile.

Mzee mmoja aliyekuwa akigeuza usipa, dagaa wa ziwani, wake kwenye kichanja alinitazama siku mbili tatu, ya nne akaniita.

"Mwanangu, hiyo mashine inakunywa upepo. Uliipima?"

"Kupima nini, mzee?"

Hakunijibu. Akaokota ufito ulionyooka, akaulaza chini ya boti ukatokeza nyuma mpaka kwenye mguu wa injini. Lile bapa lililo juu ya propela lilikuwa limekaa juu ya ufito, na vidole vyake vinne vikapita katikati bila kugusa.

Mambo yalikuwa hivi. Injini hizi huja na shafti (mguu wake) za urefu tofauti: fupi ya inchi 15 (kama sentimita 38), ndefu ya inchi 20 (kama 51), na ndefu zaidi ya inchi 25. Urefu huo unapimwa kuanzia pale kibano kinapokaa juu ya ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma ya boti, hadi kwenye bapa. Tezi yangu ilijengwa kwa inchi 20, na injini yangu ilikuwa shafti fupi. Bapa linatakiwa liwe sawa na chini ya boti, au lishuke kama inchi moja. Kazi yake ni kuizuia propela isivute hewa kutoka juu. Mimi nilikuwa nimelining'iniza inchi 5 juu. Boti ikiwa na mzigo inazama, propela inapata maji. Ikiwa tupu tezi inanyanyuka, propela inasaga povu. Kwenye pipa huwezi kuliona hilo, maana fundi anajaza maji mpaka yafunike kila kitu.

Kelele hizo si za kuvumilia. Matundu ya kunyonya maji ya kupoza yako hukohuko chini, kwa hiyo propela ikipata hewa, pampu nayo inaweza kupata hewa. Mkojo wangu ulianza kukatika, kisha ukatoka mvuke. Tulipofungua pampu, impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, ilikuwa imekauka, mabawa mawili hayapo. Moja tulilikuta kwenye kifuniko. La pili lilikuwa limekwama kwenye bomba la kupandisha maji. Angalia hapo: wapo mafundi wanaofunga impela mpya bila kutafuta vipande, na injini inaungua tena ndani ya wiki.

Basi nikamwita seremala akate tezi. Nikamwambia kata inchi 7, ili nisisumbuke tena. Ujinga mwingine huo. Sasa bapa likawa inchi 2 chini ya boti. Maji yakawa yanapanda mguu wa injini na kuturushia mgongoni, boti nzito, petroli inakwisha kabla ya safari. Tukipakia watu, kitundu kidogo cha moshi cha nyuma kinazama, na injini inakohoa na kuzimika kila nikipunguza moto. Baya zaidi, upepo wa mwera ukituandama kutoka Ikombe, mawimbi yaliingia kwenye lile pengo la tezi kama yamefunguliwa mlango.

Dawa ilikuwa kipande cha mninga, unene wa inchi moja na robo, juu ya pale palipokatwa, pamoja na ubao wa kuzuia maji ndani ya tezi. Bapa likabaki robo tatu ya inchi chini ya boti, na mpaka leo lipo hapo. Ukiweza, usikate kabisa. Nunua shafti inayolingana na tezi yako. Ukilazimika, kata kidogo kidogo, na kila ukikata jaribu mara mbili, boti tupu na boti yenye mzigo, ukikata kona kwa moto mkubwa na jicho liko kwenye mkojo. Usijaribie ufukweni. Mchanga wa Matema ukiingia kwenye pampu unaitafuna impela kama msasa.

Yule fundi bado anauza mashine zake kwa pipa, na sina ugomvi naye. Ila siku hizi nikienda dukani kwake, kabla hajavuta kamba, natoa futi kamba mfukoni.