Muhtasari wa vitabu 50 hautakufanya msimamizi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 29, nasimamia ghala la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Chini yangu wako watu 11, wengine umri wa baba yangu. Nataka kuwalea kikazi, si kuwafokea. Nipo kwenye kundi la WhatsApp tunakotumiwa muhtasari wa kitabu cha uongozi kila siku, na huko nimejifunza kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, kwa hiyo nimefanyia kazi sauti na namna ya kusimama. Bado nikiuliza jambo kwenye kikao cha asubuhi, wote kimya. Sasa kuna kozi ya kusoma haraka, vitabu 52 kwa mwaka. Nijiunge?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Usijiunge, na hata hilo kundi jitoe leo.

Nianze na hiyo asilimia 7, maana naikuta kila ninakokwenda kufundisha, mabenki hadi viwandani, na inanikera kuliko kosa lolote. Inatoka kwa Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1967 yeye na wenzake walichapisha majaribio mawili. Watu walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti tofauti, na kwenye jaribio moja wakaonyeshwa pia picha za nyuso. Alitaka kujua hivi: neno likisema hili na sauti au uso ukasema lile, msikilizaji anaamini kipi kuhusu hisia za msemaji? Humo ndimo zilimotoka asilimia 7 ya maneno, 38 ya sauti na 55 ya uso. Maelekezo ya kazi hayakuwamo, wala kikao cha ghala. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo haihusu mazungumzo yasiyo ya hisia. Lakini mwandika muhtasari hukata masharti ili abaki na mistari michache, na wewe ukaenda kurekebisha mabega wakati tatizo liko kwenye maneno yako.

Nadhani asubuhi unauliza kitu kama, "Kwa nini mzigo wa Mbeya haujatoka?" Mbele ya wenzake wote. Uliyemuuliza anasikia shtaka, na mtu aliyeshtakiwa hujitetea au hunyamaza. Mwite pembeni, muulize, "Mzigo wa Mbeya umefikia wapi?" Kisha, "Umekwama hatua gani?" Kisha, "Wewe ungeanzia wapi kuukwamua?" Halafu nyamaza. Atasema, "Sijui, bosi." Usimpe jibu. Subiri. Aliyezoea kupewa amri anataka kwanza kuhakikisha kwamba humtegi.

Kwa wazee jambo hili ni zito zaidi. Mzee akiulizwa na kijana mbele za watu, akikosea anaaibika, kwa hiyo kimya ndiyo salama yake. Msalimie, mkae, uombe uzoefu wake: "Mzee, kabla sijaja, masika saruji mlikuwa mnaipangaje isilowe?" Ataeleza, na katika kueleza ataona mwenyewe panapovuja leo.

Mtindo huo wa kuuliza lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, kisha nani atafanya nini na lini, ulienezwa na Mwingereza John Whitmore katika kitabu chake cha mwaka 1992. Kwenye muhtasari yanabaki maneno manne, unayakariri kwenye daladala na kushuka ukidhani umeshaiva. Ukisoma kitabu kizima unakuta mazungumzo yenyewe, na tahadhari kwamba "kwa nini" humfanya mtu ajihami. Ulichokihitaji wewe ni hiyo tahadhari.

Kuhusu kusoma haraka, mwaka 2016 wanasaikolojia wakiwemo Keith Rayner na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za miaka mingi: kasi ikipanda mno, uelewa unashuka. Anayekuuzia vyote viwili anakudanganya.

Chukua kitabu kimoja ukae nacho miezi mitatu. Soma sura moja kwa wiki, kifunge, uandike unachokumbuka bila kuchungulia. Inachosha, lakini ndiyo inayokaa: Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walishika somo zaidi baada ya wiki kuliko waliolirudia kulisoma tu. Kisha chagua swali moja la kutumia Jumatatu. Jioni andika kwenye daftari ulichosema wewe na alichojibu yeye, maneno yaleyale, bila kuyapamba. Utashangaa ni mara ngapi ulimkatiza. Hapo ndipo urudie sura ileile.

Na nyote mnaosoma hapa, jihadharini na vyeti vya siku mbili vya ukocha, yaani kazi ya kuwalea wengine kikazi kwa maswali kama hayo. Neno "kocha" siku hizi anajibandika yeyote mwenye maikrofoni na ukumbi wa hoteli, na hakuna anayemzuia. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, kwa ngazi yake ya chini kabisa ya ithibati linadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya kazi hiyo na watu halisi. Muulize anayekuuzia kozi: baada ya ukumbi, nani atakaa nami nikiongea na wafanyakazi wangu, anisikilize na kunisahihisha? Na ninyi wa idara za rasilimali watu, ulizeni hilo kabla hamjasaini hundi.