"Will have been": mimi ilinikaa kichwani nilipoipitisha kwenye Kiswahili

Mkuu uliyeuliza kwa nini "The bridge will has been built by they" imepigwa mkasi, nakujibu kama mtu aliyekatwa na mkasi huohuo, tena mimi nikiwa kazini nalipwa. Ni ile "will have been" ya kusema kitu kitakuwa kimeshafanywa kufikia wakati fulani.

Nilikuwa karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, Dar. Siku hiyo nikamwandikia mteja: "Your container will have been clearing by Friday." Bosi akaisoma, akaniita. "Kijana, hili kontena linamtolea nani mzigo?" Nilitaka kusema kufikia Ijumaa litakuwa limetolewa bandarini. Kumbe ile -ing imeligeuza kontena kuwa wakala! Ilitakiwa "will have been cleared".

Tangu hapo nikawa naanza na Kiswahili. "Nitakuwa nimeandika barua" ni "I will have written the letter". Barua ikitangulia, unapata "Barua itakuwa imeandikwa". Ukiacha viambishi vya mwanzo, kilichoongezeka ni ka-w- kadogo kwenye "andikwa". Kazi ya hako ka-w- Kiingereza kinaifanya kwa "been": "The letter will have been written." Ukiisahau, "The letter will have written", barua yenyewe imeshika kalamu.

Sasa kosa lako. Baada ya "will" kitenzi hakijali kiima ni cha umoja au wingi, kwa hiyo ni "have" siku zote, hakuna "has". Na "they" baada ya "by" inakuwa "them". Ila mimi hao "them" ningewatupa kabisa, maana hatuwajui ni akina nani. "The bridge will have been built by December", basi.

Umeona hiyo "by" nyingine? Hii inachanganya wengi. "By December" ni "kufikia Desemba", "by the engineers" ni "na wahandisi". Zinaweza hata kukaa sentensi moja: "The bridge will have been built by the engineers by December." Haipendezi sikioni, lakini ni sahihi.

Pia Kiswahili chetu kina mtego wake. Sisi tunasema "tutakuwa tumefikiwa na wageni", au mtu "amefiwa". Mwanafunzi anakimbilia "We will have been arrived by visitors". Hapana. "Arrive" na "die" hazina mtendwa, haziingii kwenye mtindo huu. Sema tu "Visitors will have arrived".

Kuhusu "will have been being built" uliyoiona kwenye jedwali la nyakati za Kiingereza, iache hukohuko. Nimeandika barua za ofisi miaka mingi na sijawahi kuihitaji hata mara moja.