Nakshi Moja, Mafundi Wawili: Asili ya Bilauri za Zamani

SWALI: Nimerithi bilauri za zamani zenye nakshi ya majani ya dhahabu. Kwenye kitako pana herufi H, na A ndogo imepachikwa chini yake. Zilitoka wapi?

JIBU: Nembo hiyo ni ya Hazel-Atlas, kampuni ya Marekani, ingawa wauzaji wengi huihusisha kimakosa na Anchor Hocking, kampuni nyingine ya vioo ya Marekani, ambayo alama yake ni nanga iliyopitishwa juu ya H. Hata hivyo, nembo ya kitako humtambulisha aliyetengeneza kioo tu. Wapambaji wengi walinunua bilauri zisizo na nakshi kutoka viwandani, wakazipamba katika karakana zao, kwa hiyo huenda bilauri zako zina asili mbili, na hilo ndilo linalozifanya zistahili kuchunguzwa kwa subira. Ielekeze bilauri kwenye mwanga wa ubavuni, uizungushe taratibu, utafute saini ndogo ndani ya nakshi yenyewe, hasa karibu na ukingo wa chini. Culver, kampuni ya upambaji ya New York, kwa mfano, iliandika jina lake kwa dhahabu ileile ya pambo. Tarakimu peke yake kitakoni mara nyingi ni namba ya kalibu (chombo cha kuupa kioo umbo), si mwaka. Ukikuta lebo ya karatasi, usiibandue: inayotaja Ujerumani Magharibi, kwa kawaida, ni ya kati ya 1949 na 1990. Tafadhali usizisugue bilauri zako, kwani dhahabu hiyo hukaa juu ya kioo na hufutika, pamoja na saini.