Walijaribu kwa kima
Wapo wanaodai chanjo ya korona ya Chuo Kikuu cha Oxford ilifanywa haraka hadi ikaruka majaribio kwa wanyama. Hapana, haikuruka. Kima 6 walipewa dozi moja kwenye maabara huko Montana, Marekani, kisha wakaambukizwa virusi makusudi. Mapafu yao hayakuwa na nimonia, ila puani virusi vilikuwepo sawa na kwa wasiochanjwa. Ripoti ilitoka jarida la Nature, Julai 2020. Na mapafu lazima yakaguliwe jamani: miaka ya 1960 chanjo ya RSV, kirusi kinachobana vifua vya watoto wachanga, ilizidisha ugonjwa badala ya kuuzuia, na watoto 2 wakafariki Marekani. Haraka ilikuwepo kweli, maana Uingereza walianza kuchanja watu wa majaribio Aprili, kabla ripoti ya kima haijachapishwa.