Kabla ya kulaumu mapokezi, tafuta nani kashika ufunguo

Mimi ni fundi wa kompyuta, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatoka kwenye hospitali na ofisi za huku Mbeya, mara chache Iringa na Njombe. Nikiitwa, aghalabu hukumu imeshatolewa kabla sijafika. Kompyuta ya masjala ni nzito, kwa hiyo inunuliwe mpya. Foleni ya wagonjwa haisogei, kwa hiyo yule dada wa mapokezi ni mvivu. Ninachomwambia kila bosi ni kimoja: kabla hujanunua wala kulaumu, uliza kazi imesimama ikisubiri nini.

Nitaanza na kompyuta, maana yenyewe hainuni ukiikagua. Programu ulizofungua haziendi zote kwa pamoja kama zinavyoonekana. Kila kiini cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kinashughulikia kazi moja kwa wakati, na mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, unazigawia zamu za milisekunde chache chache, haraka kiasi kwamba jicho halioni. Kazi isiyo kwenye zamu ina hali mbili, na hapa ndipo wengi wanapotea. Kuna iliyo tayari, inangoja zamu yake tu. Kuna na iliyokwama: hata ukiipa zamu sasa hivi haina la kufanya, kwa sababu inasubiri diski ilete faili au mtandao ujibu.

Ile kompyuta ya masjala nikiitazama, mara nyingi nakuta prosesa inatumika asilimia 10 tu, huku diski yake ya zamani, ile ya kuzunguka, iko asilimia 100. Ukinunua prosesa kali zaidi, umenunua kitu cha kukaa bure kwa bei kubwa. Weka diski ya SSD, ile ya kisasa isiyozunguka, mashine ile ile itawashangaza.

Sasa mfuate bibi mmoja aliyeshuka na gari la asubuhi kutoka Tukuyu. Kwenye benchi la kumwona daktari yuko tayari, anangoja zamu. Akiandikiwa vipimo mambo yanabadilika: namba ya malipo haijatoka, kadi ya bima haijahakikiwa, majibu ya maabara hayajapanda. Hapo amekwama. Kuongeza daktari kutapunguza ule mngojo wa kwanza, lakini huu wa pili hautaguswa. Unaweza hata kurefuka, kwa sababu madaktari wawili wanaandika vipimo vingi zaidi kuliko mmoja, na mashine ya maabara ni ile ile.

Kuijua tofauti hii hakuhitaji mtaalamu kutoka Dar. Chukua daftari, fuata mgonjwa au faili tangu getini, na kila linaposimama andika limesimama likisubiri nini. Angalia namna ya kuuliza. Ukimwendea muuguzi na "Sista, mbona unachelewesha watu?" utapata majibu ya kujitetea na uso wa kukunja hadi jioni. Ukimsalimia vizuri, halafu ukauliza "Sista, hapa unasubiri nini?" atakueleza mambo ambayo uongozi haujayasikia kwa miaka. Kama karani ni mama mtu mzima, shikamoo kwanza, daftari baadaye.

Kuna mkwamo wa aina moja unaoziumiza hospitali kuliko yote, na mfano wake ulio wazi kabisa ulitokea mbali sana. Chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997. Baada ya muda kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Wahandisi wakairudia hali ile kwenye chombo pacha kilichobaki duniani hadi wakamwona mchawi. Kazi yenye kipaumbele cha juu ilihitaji kitu kilichoshikwa na kazi ndogo ya kukusanya habari za hali ya hewa. Hiyo ndogo ilikuwa tayari kukiachia, ila kazi za kipaumbele cha kati zilikuwa zikiirukia na kuchukua zamu zake. Kwa hiyo kubwa ilimsubiri mdogo, na mdogo akanyimwa nafasi na wa katikati. Dawa ilikuwa kuwasha kanuni moja tu: anayeshika kitu kinachosubiriwa na mkubwa, apewe kwa muda kipaumbele cha huyo mkubwa. Wakairekebisha wakiwa huku huku duniani.

Aliyewahi kukaa kwenye mlima Kitonga, barabara ya Iringa, nyuma ya lori lililokatika mhimili ameshaelewa. Gari la wagonjwa lipige king'ora litakavyo, njia ni moja na mlima ni ule. Anayepaswa kusaidiwa haraka ni dereva wa lori.

Katika hospitali moja ya nyanda hizi nilishuhudia wodi ya wazazi ikisubiri damu. Mtaalamu wa maabara yupo, mchangia damu yupo, lakini vitendanishi, yaani kemikali za kupimia damu, vimefungiwa kabatini na ufunguo uko mfukoni mwa kijana wa stoo. Kijana wa watu alikuwa ametumwa kupanga viti vya plastiki, kuna wageni wanakuja. Watu wazima walikimbizana korido nzima wakipigiana simu, na hakuna aliyemwambia yeye kwamba viti viache. Machoni pa wote kazi yake ilikuwa ndogo. Alipopatikana, yule yule ndiye aliyekuja kugombezwa.

Kanuni iliyofuata iliandikwa kwa kalamu ya wino ukutani: mwenye ufunguo wa kitu cha dharura hatumwi kazi nyingine kabla hajaukabidhi, hata na mganga mfawidhi. Hiyo "hata" ndiyo iliyoleta mabishano marefu kikaoni, na ndiyo yenye maana.

Mbeya tuna historia katika haya. Mwaka 2007 hospitali yetu ya rufaa ndiyo iliyokuwa ya majaribio nchini kwa 5S-KAIZEN, utaratibu wa kupanga na kuboresha mahali pa kazi, uliotoka kwenye viwanda vya Japani na kuja kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani. Zile S tano watumishi wengi wanazijua: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ninavyoona, sehemu nyingi huishia kwenye lebo za rangi na kufagia siku ya ugeni. Faida yenyewe ni kwamba kitu kikiwa na mahali pake, hakikai mkononi mwa mtu muda mrefu.

Nakipenda zaidi kitu kidogo cha karatasi: orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, yenye vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, na mmoja ni Ifakara, ng'ambo ya milima ya Udzungwa ukitokea Iringa. Matokeo yalichapishwa 2009: katika hospitali hizo kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ukiisoma kifundi, sehemu kubwa ya orodha inatafuta mkwamo kabla haujatokea. Je, mgonjwa huyu anaweza kupoteza zaidi ya mililita 500 za damu, na tumejiandaa? Dawa ya kuzuia maambukizi imeshatolewa? Wanaounda mifumo endeshi nao wanaijua mbinu hiyo: kazi haianzi mpaka kila inachohitaji kimepatikana, isije ikashika nusu na kuwakwamisha wengine.

Ofisi zisizo hospitali, hali ni ile ile, tofauti ni kwamba hafi mtu. Ufunguo wa siku hizi ni nywila. Nimekuta mshahara wa watu umesimama kwa sababu mwenye nywila ya mfumo yuko msibani kijijini na simu haishiki mtandao. Hakikisha mifumo muhimu ina watu wawili wenye akaunti zao wenyewe, siyo kuazimana. Nywila ya msimamizi mkuu iandikwe, ifungwe ndani ya bahasha iliyosainiwa na watu wawili kwenye mdomo wake, ikae kwenye sefu. Siku ikifunguliwa, nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo na bahasha mpya ifungwe.